Nusu boza, hatari nzima

Dereva wa boza la maji la lita 10,000 akishusha nusu kwa mteja wa kwanza hujiona amepata nafuu. Tani tano zimeondoka, injini inavuta vizuri, anakanyaga mafuta. Kwa maoni yangu hapo ndipo angepunguza mwendo.

Boza lililojaa nalo lina ubaya wake, kwa sababu uzito umekaa juu. Pima upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, kisha ugawanye kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote unapojisawazisha. Jibu ni kikomo: msukumo wa pembeni ukifikia sehemu hiyo ya uzito wa gari, gari linapinduka. Gari dogo la upana wa mita 1.5, kitovu sentimita 55, linapata 1.36. Boza la mita 1.9 lenye kitovu kwenye mita 1.9 linapata 0.5, na springi zikilala linashuka hadi karibu 0.4. Ndiyo maana gari dogo kwenye lami kavu kwa kawaida huteleza kwanza: tairi zinalia, unashtuka. Boza hupinduka tairi zikiwa bado zimeshika lami. Halipigi hodi.

Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, ukiwa na kilomita 40 kwa saa, msukumo wa pembeni ni robo ya uzito wa gari. Ukiwa na 50, ni karibu 0.4. Umeshafika kwenye kikomo cha boza.

Sasa weka maji nusu. Bodaboda anachomoza kushoto, dereva anakata kulia, maji yanakimbilia kushoto. Anaporudisha usukani, tani tano zinageuka na kuupiga ubavu wa kulia wakati gari nalo linalalia hukohuko. Kuta zenye matundu zinazokata tangi kwa upana hutuliza maji wakati wa breki. Yakienda ubavuni hazisaidii sana. Maboza mengine ya kuchomelea mtaani hata hizo hayana. Askari huulizia kizimamoto na pembetatu. Ningefurahi apande, afungue mfuniko, amulike tochi ndani.

Dawa ni vyumba vilivyozibwa kabisa, mteja apewe chumba kizima. Anza na cha nyuma, usije ukabakiza mzigo wote nyuma usukani ukawa mwepesi.

Na gurudumu likitoka nje ya lami, usilivute kwa nguvu. Achia mafuta, nyoosha usukani, ngoja mwendo ushuke, ndipo upande taratibu. Ukilazimisha, tairi hujibana kwenye ukingo kisha huruka ghafla, na maji yameshahama.