Mkulima hastaafu, anachoka

Juzi nilimsikia mtaalamu redioni akieleza, tena kwa sauti ya kuridhika, kwamba watu wa vijijini hufanya kazi hadi uzeeni kwa sababu wanaipenda na wana afya njema. Afya njema! Mzee wa miaka 75 aliyeinamia palizi juani hakupelekwa pale na mapenzi. Asipolima, hali.

Ofisini kustaafu kuna tarehe: barua inakuja, hotuba zinatolewa, kiinua mgongo kinapigiwa hesabu. (Mchuuzi na kibarua wa ujenzi, ingawa wako mjini, barua hiyo nao huisikia tu.) Shambani mambo huja kidogo kidogo. Unaacha kwanza shamba la mbali, halafu jembe zito, mwishowe unabaki kivulini unachambua mbegu, na msimu ukifika bado unaitwa.

Haya, nakubali shingo upande, wapo mabosi waliostaafu Ijumaa na Jumatatu wakaamka hawajui pa kwenda. Hiyo nayo ni shida, ila ni shida ya aliyeshiba.

Kinachonikera ni kwamba mifuko mingi ya pensheni imejengwa juu ya mshahara wa kila mwezi: mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongezea. Mkulima hushika pesa baada ya mavuno, mvua ikipenda, na mwajiri wa kumwongezea hana. Kisha anaambiwa ajiunge kwa hiari, na asipojiunga anaitwa mzembe asiyefikiria kesho.

Wala si kwamba haiwezekani. Katiba ya Brazili ya mwaka 1988 iliwapa wakulima wadogo haki ya kustaafu mapema kuliko watu wa mjini: wanaume miaka 60, wanawake 55. Hawadaiwi rundo la stakabadhi za michango ya kila mwezi. Wanathibitisha kwamba wamelima, miaka 15. Kabla ya hapo pensheni ya shamba ilikuwa ya mkuu wa kaya, na mkewe aliyelima bega kwa bega naye hakuwa na chake. Mageuzi ya 2019 yaliwabana wengi, lakini umri huo wa wakulima hayakuugusa.

Kwingine, hata posho ya wazee ikifika kijijini, mashine ya alama za vidole inagoma kumsoma bibi kwa sababu mpini wa jembe umezifuta. Anaambiwa arudi wiki ijayo. Nauli atoe wapi, kwenye pensheni?