Kabla ya kuangalia rangi, inua kiti cha nyuma

Juni mwaka jana, saa moja kasoro asubuhi, mke wangu alishuka kwenye bodaboda pale Uyole, hapa kwetu Mbeya, akiwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Kulikuwa na manyunyu na ukungu, na upepo unaoteremka kutoka milima ya Uporoto ulikuwa unakata. Alipofungua kitenge, vidole vya mtoto vilikuwa vya baridi kama bati. Hatukusema mengi. Jioni tulihesabu akiba yetu: milioni tisa na ushee, fedha tulizokuwa tukiweka kwa ajili ya kupaua nyumba. Tukakubaliana paa lisubiri.

Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu wenye watoto wadogo na akiba ya kuhesabu. Katika wiki sita za kutafuta gari nilishauriwa na watu wengi, na karibu wote walizungumza kana kwamba gari ni la dereva peke yake. Namba ya usajili ni herufi gani, maana ndiyo inayoonyesha gari limesajiliwa lini nchini, rimu zikoje, ukipita Mwanjelwa watu watageuka? Hakuna aliyeniuliza watoto watakaa wapi.

Msimamo wangu ni kwamba familia changa huku kwetu inafaidika zaidi na stesheni wagoni dogo la Toyota, Fielder, Succeed au Probox, kuliko gari la juu lililochoka ambalo dalali atakuuzia kwa bei hiyohiyo. Buti linameza gunia la viazi na begi la nepi, na bibi wa watoto anapata nafasi ya kukaa kama mtu. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye mengi ya magari haya imo pia kwenye IST, kwa hiyo spea zake zipo na kila fundi ameshaishika. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya makumi ya maelfu ya kilomita. Rafiki yangu alinisukuma sana nichukue Subaru Legacy, na kwa kweli ni gari zuri barabarani. Lakini Legacy ya zamani inataka mtu mwenye bajeti ya matunzo kila mwezi, na mimi bajeti hiyo ndiyo ya maziwa.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatakwambia kwa sababu halimhusu. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachoisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Probox ya cc 1300 inakwenda vizuri kule pwani, lakini hapa kwetu, ikiwa na watu watano na mzigo, kuipandisha mlima wa Isyonje ni kuilazimisha. Chukua cc 1500. Tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko watu wanavyodai, maana injini ndogo iliyokanyagwa muda wote nayo inakunywa.

Sasa nije kwenye baridi, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Gari likaguliwe alfajiri, kabla halijawashwa. Mwambie mwenye gari asiliguse mpaka ufike, kisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, jiulize kwa nini amelipasha. Likiwaka, usiogope moshi mweupe wa dakika za kwanza. Juni na Julai kila ekzosi ya Mbeya inatoa mvuke. Mvuke huo ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya injini iliyoungua. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Halafu washa hita. Watu wanacheka ninapolisema hili, lakini ndilo swali langu la kwanza kwa gari lolote la huku. Magari mengi yakifika kwetu hutolewa themostati, kwa imani kwamba bila hicho kifaa injini haitachemsha. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ukiung'oa, kwenye baridi ya Mbeya, Njombe au Makete injini inatembea safari nzima ikiwa vuguvugu: inakula mafuta zaidi, inalika haraka zaidi, na hita inapuliza hewa ya baridi usoni kwa mtoto. Kioo cha mbele nacho kinafunga ukungu, ukaendesha huku unafuta kwa kitambaa. Fundi mmoja mzee wa Mafiati aliniambia, "Kijana wangu, gari lisilo na hita huku ni kama nyumba isiyo na jiko." Nilimwamini kwa sababu yeye hakuwa anauza kitu.

Na kifuniko cha rejeta kiangalie pia. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Kinachoyafanya yavumilie zaidi ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko hicho na kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, iliyomo. Kifuniko kilicholegea, ndani mna maji ya bomba yenye kutu, nawe unautafuta mlima Kitonga na watoto nyuma: hapo gari litachemsha, na hakutakuwa na wa kumlaumu.

Gari la pili nililoliona lilikuwa Fielder ya fedha, safi, imepigwa rangi upya mpaka inang'aa. Dalali alinizungusha pande zote. "Kaka mkubwa, hii ingia tu, ni gari ya mama." Nikaomba nikae nyuma. Mikanda haikuwepo. Nilipoinua kiti nikakuta vifungio vimezikwa chini pamoja na maganda ya karanga, na mkanda mmoja ulikuwa umekatwa kwa kisu. Aliniambia nyuma hakuna anayefunga. Nilimshukuru nikaondoka, na sikujadiliana bei, kwa sababu gari ambalo wenyewe wamekata mkanda linaonyesha watu walivyobebwa humo: sita, saba, kama mchomoko, yale magari madogo ya kubeba abiria.

Kiti cha mtoto hakina maana bila mkanda wa kukifungia. Mkanda wa pointi tatu unaovutika na kujifunga vizuri unatosha kwa viti vingi. Mtoto mchanga akae nyuma, kiti chake kikiwa kimegeuzwa aangalie nyuma ya gari, na kamwe kisiwekwe kiti cha mbele chenye eabegi. Najua tumezoea kumpakata. Nami nilipakatwa, na mama yangu alipakatwa. Lakini gari likisimama ghafla kwenye mwendo wa kilomita 50, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshikilia mtoto wa kilo 10. Tulinunua kiti cha mtumba baada ya kuhakikisha hakina ufa na kamba zake ni nzima. Mama mkwe alikiangalia kwa mashaka, lakini mtoto akalala humo kabla hatujafika Kiwira, na mama mkwe akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana.

Hii ndiyo sababu sikuchukua Probox, ingawa naiheshimu. Nyingi zilitengenezwa kwa kazi za kampuni: kiti cha nyuma kimesimama wima, mto ni mwembamba, na nyuma inarukaruka isipokuwa na mzigo. Kwa mwenye duka la viazi ni sahihi kabisa. Kwa watoto wawili na bibi yao, Fielder ni nafuu ya mgongo.

Breki zijaribiwe mlimani, si uwanjani. Mimi nilishuka Iwambi kuelekea Mbalizi na fundi pembeni, taratibu, gia ya chini, tukisikiliza. Usukani ukitetemeka unapokanyaga, diski zimepinda. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Kashata, yaani meno ya tairi, ikiwa bado imejaa lakini mpira una miaka kumi, hilo si tairi la kumwekea mtoto.

Karatasi nitazipitia haraka. Jina kwenye kadi lilingane na anayekuuzia, namba ya chesisi uisome wewe mwenyewe kwenye gari, na faini za trafiki ziangaliwe kwa namba ya gari kabla hujalipa, maana zinalifuata gari. Uhamisho wa umiliki ukafanyike TRA, siyo kukaa na kadi ya mtu miaka mitatu. Na sisi tulioko kwenye njia ya Tunduma tunajaribiwa na magari ya IT, yale yanayopita kwenda Zambia na Kongo. Hayajalipiwa ushuru wa nchi hii. Bei yake ni tamu, lakini siku likikamatwa utabaki na watoto pembeni mwa barabara.

Tulinunua la tano: Fielder ya 2004, cc 1500, namba C, bampa limekwaruzwa na rangi imefifia juu ya boneti. Milioni saba na laki mbili. Mikanda yote mitatu ya nyuma ilifanya kazi. Kutoka kwenye akiba tulikuwa tumetenga milioni moja na nusu ambayo hatukuruhusu bei yoyote iiguse. Wiki ya kwanza ikaenda kwenye themostati mpya, kulanti, kifuniko cha rejeta, breki pedi, oili ya injini na ya gia boksi. Nikaambiwa nimelipa pesa nyingi kwa gari la namba C, na kwamba kwa jumla hiyo ningepata namba D. Atu, wetu mkubwa, ana miaka mitatu. Hajui herufi. Anajua tu kwamba akigusa kile kitundu cha hewa, mkono unapata joto.

Mwezi ujao ni zamu ya shokapu za nyuma. Tairi mbili za mbele zitafuata viazi vikiuzwa.