Kuendeleza kazi iliyokwisha: La Maschera di Cera na kivuli cha Felona e Sorona

Mwaka 2013 La Maschera di Cera, bendi ya roki ya "progressive" (roki inayochanganywa na klasiki na jazi) kutoka Genova, kaskazini mwa Italia, ilitoa albamu iitwayo Le porte del domani, yaani milango ya kesho. Mpigie albamu hiyo mtu anayeujua muziki wa Italia bila kumwonyesha kasha, na huenda akakuambia bila kusita kwamba ni santuri ya 1973. Ogani ya Hammond inanguruma, filimbi inapenya katikati, mwimbaji anatoa sauti ya kifua kizima. Wala haikutokea hivyo kwa bahati. Albamu hii ilitangazwa waziwazi kuwa mwendelezo wa Felona e Sorona, kazi ya bendi ya Le Orme iliyotoka mwaka huohuo wa 1973. Hata mchoro wa kwenye kasha ni wa mchoraji yuleyule, Lanfranco.

Wapo wanaoona kwamba huku ni kuwaheshimu waliotangulia, na wapo wanaoona kwamba ni kufukua makaburi. Ubishi huu umedumu kwa sababu pande zote mbili zinapigania sauti ya albamu. Mimi naona sauti ndipo bendi hii iliposhinda. Iliposhindwa ni kwenye hadithi, na hapo hapazungumzwi vya kutosha.

Kwanza kazi mama. Le Orme walikuwa vijana watatu wa upande wa Venice: Aldo Tagliapietra aliyeimba na kupiga besi na gitaa, Tony Pagliuca kwenye vinanda, Michi Dei Rossi kwenye dramu, na mtayarishaji wao Gian Piero Reverberi. Felona e Sorona ina nyimbo 9 ndani ya dakika kama 33 tu. Inasimulia sayari mbili. Felona inaishi kwenye nuru na furaha. Sorona imezama gizani. Mkuu anayezilinda ameielekeza huruma yake upande mmoja na kuusahau wa pili. Anapoikumbuka Sorona, kuna kitambo kifupi ambapo sayari zote mbili zinalingana, kisha mambo yanapinduka: iliyokuwa gizani inang'aa, iliyokuwa na raha inaangamia. Wimbo wa mwisho, Ritorno al nulla, hauna neno hata moja. Ala zinapanda, zinapanda tena, kisha yote yanaishia katika utupu ambao jina la wimbo limeshautaja. Albamu hiyo ilivuka hadi Uingereza, ambako Peter Hammill wa bendi ya Van der Graaf Generator aliiandikia maneno ya Kiingereza na lebo ya Charisma ikaitoa.

Sasa shtaka, na ni zito. Wanamuziki wa Italia wa miaka ile walikuwa wakikimbilia mbele. Minimoog, kinanda cha kielektroniki, ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1970, kwa hiyo kijana aliyeipiga mwaka 1972 au 1973 alikuwa akitoa sauti ambazo wazazi wake hawakuwahi kuzisikia popote. Roki ilichanganywa na muziki wa klasiki, na jazi, na nyimbo za vijijini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ramani. Walifanya kazi katika nchi iliyokuwa ikitetemeka: bomu la Piazza Fontana mjini Milano liliua watu 17 Desemba 1969, na miaka iliyofuata ilijaa damu ya kisiasa. Mtu anayechukua vinanda vilevile miaka 40 baadaye, akavipanga vilevile, anaweza kuupata mlio wao lakini hawezi kuupata ujasiri wao. Anajua mapema kwamba mlio huo unapendwa, na anajua ni nani watakaoinunua santuri.

Shtaka hilo silipuuzi. Nimesikiliza albamu nyingi za aina hii ambazo zinastahili hukumu hiyo yote: sehemu ya filimbi hapa, ogani pale, mdundo wa saba kwa nane ili ionekane ni kazi ngumu, na ndani yake hamna kitu.

Lakini upande wa pili una hoja ambayo wapinzani huiruka haraka mno. Muziki ule haukufa kwa uzee. Ulikatwa. Premiata Forneria Marconi walitoa Storia di un minuto mwaka 1972, Banco del Mutuo Soccorso wakatoa Darwin! mwaka huohuo, na kufikia katikati ya muongo wimbi lilikuwa limeanza kurudi baharini. Matamasha yaligeuka uwanja wa ghasia, wasikilizaji wakahamia kwa waimbaji watunzi, kisha ikaja punk, roki fupi na kali. Bendi nyingi zilipata nafasi ya albamu moja tu wakati ule: Museo Rosenbach na Zarathustra, Semiramis na Dedicato a Frazz, Cervello na Melos, zote za 1973. Hizo si bendi zilizomaliza walichokuwa nacho. Na wasikilizaji hawakuwa wa kubabaisha: albamu ya Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, ya 1971, ilishika namba 1 Italia ilhali huko kwao Uingereza haikufika popote. Nchi yenye masikio ya namna hiyo iliachishwa muziki wake kabla haijashiba.

Kwa hiyo Fabio Zuffanti, mpiga besi wa Genova aliyeiunda La Maschera di Cera baada ya kupitia bendi ya Finisterre, ana jibu anapoulizwa kwa nini anarudi huko. Anarudi mahali ambapo kazi iliachwa katikati. Wazee wenyewe hawakumfungia mlango: Franz Di Cioccio, mpiga dramu wa Premiata Forneria Marconi, ndiye aliyetayarisha albamu yao LuxAde ya 2006. Mjini humohumo Genova, Stefano "Lupo" Galifi aliyeimba kwenye Zarathustra ya Museo Rosenbach alijiunga na vijana wa Il Tempio delle Clessidre, akaimba kwenye albamu yao ya kwanza ya 2010. Waliokuwepo walipoona muziki huo unaimbwa tena, waliingia kuimba nao.

Kuna jambo jingine kuhusu ala hizi ambalo hulisikii mpaka ulisikilize kwa makini. Chukua Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Uingereza na kupendwa sana na bendi hizi. Chini ya kila kibonye kuna mkanda uliorekodiwa sauti ya fidla, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, mkanda unakwenda; baada ya sekunde kama 8 umefika mwisho, sauti inakatika, na lazima uachie ili urudi mwanzo. Mpigaji hawezi kushikilia sauti anavyotaka. Anasogeza vidole, anabadilisha sauti pole pole, anaacha nafasi ya mkanda kurudi, na ile hali ya huzuni inayotembea kwa miguu mizito kwenye muziki wa Italia inatokana kwa sehemu na ukomo huo. Anayesema kwamba kutumia milio ya zamani ni mapambo tu amesahau kwamba kila ala ina namna yake ya kumfikirisha anayeipiga. Agostino Macor, mpiga vinanda wa La Maschera di Cera, anatunga kwa kuufuata mwendo huo, na ndiyo maana sehemu zake hazisikiki kama zilizobandikwa.

Tena bendi hii ina sauti yake, na hapa nawapinga wanaoiita nakala. Kwenye albamu yake ya kwanza ya 2002 haikuwa na gitaa la umeme. Besi ya Zuffanti ilichukua nafasi hiyo: nzito, yenye mkwaruzo, imewekwa mbele kabisa, wakati mwingine ikipigana na ogani. Le Orme hawakuwahi kuwa na ukali huo. Wao walikuwa na wepesi, na uzuri unaopita haraka. Alessandro Corvaglia, mwimbaji wa La Maschera di Cera, naye haimbi kama Tagliapietra. Tagliapietra ana sauti ya juu, laini, inayokaribia kuvunjika. Corvaglia ana kifua. Katika wimbo wa La guerra dei mille anni unaisikia vita yenyewe kwenye besi na dramu za Maurizio Di Tollo, na filimbi ya Andrea Monetti ikipita juu yake haileti utulivu, inazidisha wasiwasi. Hakuna mahali kwenye Felona e Sorona panaposikika hivyo.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye kudai mwendelezo.

Albamu ya 1973 ilifungwa kwa wimbo wa kurudi katika utupu. Ya 2013 inafunguliwa na Ritorno dal nulla, kurudi kutoka humohumo. Ni mlango uliobuniwa kwa akili. Kisha majina ya nyimbo yanaonyesha safari yenyewe: vita ya miaka elfu, picha ya mwanamume, shimo kubwa linalotenganisha, picha ya mwanamke, mapambazuko hekaluni, na wimbo wa nane ni nuru juu ya dunia zote mbili. Huhitaji kujua Kiitaliano kuona inakoelekea. Kile ambacho Le Orme walikataa kukitoa, kwamba sayari mbili zinaweza kung'aa pamoja, hapa ndicho kinachotafutwa tangu mwanzo.

Naelewa hamu hiyo. Mtu aliyeupenda mkasa huo tangu utotoni anatamani Felona iokolewe. Lakini nguvu yote ya kazi ya 1973 ilikuwa katika kukataa. Vijana watatu, katika nchi yenye hofu, walisema kwamba furaha ya upande mmoja inalipiwa na upande mwingine, na hawakumpa msikilizaji pa kujificha. Dakika 33, kisha kimya. Ukija baadaye na kuleta faraja, huongezi ukurasa tu. Unabadilisha maana ya kurasa zilizotangulia, maana utupu ule sasa unakuwa mapumziko kati ya sehemu ya kwanza na ya pili.

Washairi wetu wa pwani wana utaratibu wa kuishi ndani ya kazi ya mwingine. Katika takhmisa, mshairi huchukua mishororo miwili ya aliyemtangulia na kuitangulizia mitatu yake, kama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyofanya na beti za Liyongo. Mgeni anapata nafasi kubwa kuliko mwenyeji, lakini kila ubeti unafungwa na maneno ya mwenyeji. La Maschera di Cera walikuwa na ufundi wa kutosha kufanya kitu cha namna hiyo: kuingia ndani ya hadithi, kuipanua vita, kutuonyesha watu walioishi kwenye sayari hizo (jambo ambalo Le Orme waliligusa kwa mbali tu), halafu kuacha mwisho wa Le Orme ubaki mwisho. Badala yake walilichukua neno la mwisho wakalifanya lao.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema sikiliza Le porte del domani kama albamu inayojitegemea. Ukiisahau Felona kwa muda, ina nyimbo zinazosimama sawa na za wakongwe, na wimbo wa L'enorme abisso pekee unatosha kumnyamazisha anayesema muziki huu ni maiti iliyopakwa rangi. Ukiiweka baada ya Felona e Sorona na kuzisikiliza mfululizo, kama jina la mwendelezo linavyokutaka ufanye, ndipo inapopungua.

Na kabla hatujawatupia vijana wa Genova lawama yote, tuzingatie kilichofuata. Mwaka 2016 Le Orme, wakiwa na Dei Rossi peke yake kati ya wale watatu wa zamani, waliirekodi Felona e Sorona upya, kwa Kiitaliano na kwa Kiingereza. Nyimbo zilezile, mpangilio uleule kwa sehemu kubwa, mwisho uleule. Hakuna aliyehoji haki yao, kwa kuwa jina ni lao. Lakini nikizilinganisha rekodi hizo mbili zilizopishana miaka mitatu, ile iliyofanywa na wenyewe ndiyo iliyothubutu kidogo zaidi, na ile iliyofanywa na wageni, pamoja na kosa lake la kuugusa mwisho, ndiyo ninayoirudia.