"Daktari, itafaulu?"

Shangazi alipoambiwa kwamba glakoma yake, ile presha ya macho, haitulii kwa matone na inabidi apasuliwe, jicho litobolewe tundu la kupitishia maji yake, mwanawe aliuliza swali ambalo kila familia huku Magharibi mwa Kenya huuliza kabla ya kuuza ng'ombe: "Daktari, itafaulu?" Daktari akasema hawezi kumpa asilimia. Tulitoka kliniki pale Kisumu tumenuna. Matatu ya Mumias haijajaa, binamu alikuwa ameshaipata nambari kwenye simu: 46.9. Ndiyo asilimia ya upasuaji wa aina ile uliokuwa umefeli baada ya miaka mitano. "Ndiyo maana alikataa kusema," akanong'ona, mama asisikie.

Miezi imepita, na hasira yangu kwa yule daktari imeniisha.

Wanaodai nambari wana hoja, tena nzito. Mtu anayetoa mali yake ana haki ya kujua anaipeleka wapi. Na si kwamba udaktari haujui lolote. Jicho la kijana hufeli zaidi kuliko la mzee, lililowahi kupasuliwa zaidi ya lile ambalo halijaguswa, na lenye uvimbe wa ndani ndilo gumu kabisa. Marekani wapo wanaofunza kompyuta kwa maelfu ya faili za wagonjwa ili itoe ubashiri kwa kila jicho. Daktari anayeyajua haya akanyamaza amekosea, kwa sababu mgonjwa wa hatari kubwa anaweza kuwekewa mrija wa kutolea maji ya jicho badala ya kutobolewa tundu, au dawa ya kuzuia kovu ikaongezwa.

Lakini tuirudie ile 46.9. Ni nambari ya kweli. Ilitoka kwenye utafiti wa Marekani uliolinganisha tundu na mrija, ambapo mrija ulifeli kwa asilimia 29.8. Wagonjwa wote wa utafiti ule walikuwa na macho yaliyokwisha kupasuliwa, ya mtoto wa jicho au ya glakoma yenyewe. Jicho la shangazi lilikuwa halijawahi kuguswa na kisu. Binamu alitusomea hukumu ya kesi ya mtu mwingine.

Kuna nambari nyingine ambayo nimeitafuna hadi nikaota. Mwaka 2010 madaktari wawili wa Uingereza, Rotchford na King, walipekua makala 100 za upasuaji wa glakoma wakitafuta neno moja tu, "kufaulu", limepewa maana gani. Walipata maana 92. Kisha wakazichukua maana hizo na kuzipima kwa kundi moja la wagonjwa 100. Waliofaulu wakawa asilimia 36 kwa kipimo kimoja na 98 kwa kingine, na hakuna jicho hata moja lililokuwa limebadilika. Chukua mtu aliyeingia na presha ya 34 na sasa ana 17. Kwa anayetaka chini ya 21, amepita. Kwa anayetaka isizidi 15, ameanguka. Akiwa bado anatia usiku tone moja la timolol, dawa ya kushusha presha ya macho, mwingine atasema amepita nusu. Sasa daktari akikwambia "asilimia 70", amekwambia nini? Kompyuta nayo hufunzwa kwa mojawapo ya maana hizohizo. Itabashiri vizuri sana jibu la swali ambalo hukuuliza.

Kwa maana swali la shangazi halikuhusu 21 wala 15. Jirani yake alitolewa mtoto wa jicho, bandeji ikafunguliwa kesho yake, akawahesabu kuku wake uani. Shangazi alitegemea hivyohivyo. Glakoma hula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilicholiwa hakirudi, kwa hiyo upasuaji hulinda kilichobaki tu. Presha yake ilishuka hadi 11, daktari akafurahi, na kijijini ikasemwa operesheni imefeli. Laiti tungeketi dakika kumi juu ya neno lile kabla ya kuidai asilimia.

Lingine ni kidonda. Tangu daktari Cairns aueleze upasuaji huu wa tundu mwaka 1968, ugomvi wake mkubwa ni na mwili wenyewe. Kila operesheni huomba kidonda kifunge. Hii huomba kisifunge kabisa, maji yaendelee kupenya chini ya ngozi ya jicho. Wiki za mwanzo ndizo za vita: daktari hulikanda jicho, hulegeza uzi, huchoma sindano panapoanza kovu. Nani atakuwepo wiki hizo? Faili zile za Marekani zina umri, rangi na presha. Safu ya nauli ya Mumias hadi Kisumu sijaisikia.

Rangi nayo hutumika vibaya. Huko ng'ambo imeonekana watu wenye asili ya Afrika huota kovu zaidi, na huku wapo wanaoitaja kama sababu ya kuahirisha kisu na kuendelea na matone. Mbona hakuna anayeuliza chupa ya matone kama itafaulu? Kule Moshi, hospitali ya KCMC, utafiti uliotoka mwaka 2021 ulilinganisha timolol na miale ya leza. Baada ya mwaka mmoja timolol ilikuwa imefaulu kwa asilimia 31 tu ya macho, leza 61. Tukiitia kisu shaka kwa 46.9, chupa tunaiachia kwa lipi? Shangazi aliziweka chupa zake kwenye mtungi wa maji zisishike joto, miaka mitatu, na hakuna aliyemnong'onezea binamu lolote.

Juzi niliomba kuiona kadi yake. Presha imeandikwa kwa kalamu ya buluu, moja chini ya nyingine: 34, 11, 12, 17. Kati ya 12 na 17 kuna wiki tano. Alitakiwa arudi baada ya mbili, ila mvua ilikuwa imekata barabara ya kwao na pesa za ng'ombe zilikuwa zimekwisha. Kwenye kadi pale kati hakujaandikwa chochote.