Ugali wangu juu ya mizani

Nimeishi Uingereza miaka 14, na kitu kilichonifanya nimsifu Mzungu kwa moyo mmoja ni mizani ya jikoni.

Mwaka 2021 kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kilisoma 58. Huku kuanzia 48 ni kisukari. Kwa asilimia, kama wanavyoandika kwetu, hiyo 58 ni 7.5. Daktari akaniandikia metfomini, dawa ya kisukari, na kunipeleka kwa mtaalamu wa lishe. Nilingoja wiki 11, kwa hiyo asije mtu akaniambia Ulaya hakuna foleni. Ipo, ila unaisubiria sebuleni kwako.

Siku ilipofika nikapewa dakika 45. Kipeperushi chao kilikuwa na viazi, pasta na mkate; ugali haumo. Yule dada hakujifanya anaujua. Alinitaka nipige picha kila ninachokula kwa siku saba, kisha nirudi na ugali wenyewe. Nikaupika wa sembe, nikaubeba kwenye kontena mpaka Reading mjini. Akauweka juu ya mizani: gramu 450. Wanga peke yake zaidi ya gramu 100, mchuzi haujaguswa. Hakusema usile. Alisema tuanze na nusu, mboga ziwe mara mbili, halafu tuone. Shaabani ilipoingia akaniuliza mwenyewe nitafuturu nini. Nikamtajia mihogo ya nazi, tambi, uji. Tukapitia kimoja kimoja. Baada ya miezi minane nikapima 49.

Dada yangu yuko Tanga, na ana ugonjwa huo huo. Siku ya kliniki, saa 12 asubuhi yuko benchini. Somo la lishe hutolewa kwa wote pamoja, bibi wa miaka 80 na kijana wa bodaboda: usile wali, usile ndizi mbivu, sukari marufuku, kuleni dona. Dada akatii. Akala dona mlima mzima, maana dona "haina sukari". Kweli ina makapi yanayopunguza kasi ya sukari kupanda, lakini wanga umo tele. Sukari ikapanda, akaingiwa na hofu, akawa analala na njaa huku anameza glibenklamidi. Dawa ile inashusha sukari bila kujali umekula au hukula. Alfajiri moja wakamkuta uani, kalowa jasho chapachapa, hajitambui. Mimi na metfomini yangu ningelala na njaa na pengine nisingedhurika. Tumezaliwa tumbo moja, lakini masharti yangu yangeweza kumuua.

Ningeishia hapo mngesema Ulaya imenilevya. Lakini nilipokwenda likizo nilimsindikiza kliniki. Nesi alikuwa anafunga, tukamdaka koridoni na swali la mbaazi na mahamri. Akajibu bila kuvuta pumzi: tumia tui la pili, mbaazi ziwe nyingi, hamri liwe moja, na ukishameza kidonge usipitishe nusu saa hujala. Dakika sita. Mtaalamu wangu wa Reading hajui hata tui la pili ni nini. Benchini siku ile nilihesabu watu 63, manesi wawili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wagonjwa wetu wanahitaji elimu kutoka nje. Chuo Kikuu cha Sokoine wanafundisha lishe, Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, maafisa lishe wako mpaka halmashauri. Kazi yao kubwa ni udumavu wa watoto, na hilo silibezi. Ila mtu mzima mwenye kisukari ameachiwa wimbo wa "usile". Hakuna anayemkalisha kitini amuulize kwanza jana alikula nini. Pengo hilo wanaliziba wauzaji wa unga wa lishe wa kwenye makopo huko Instagram, kila mmoja "mtaalamu wa lishe". Huku Uingereza anayetibu wagonjwa kwa chakula cheo chake kinalindwa na sheria, hujiiti tu.

Nilimwachia dada mizani. Kila Ijumaa ananitumia picha ya sahani. Wiki iliyopita ilikuja na mahamri manne yamepangwa juu ya mizani vizuri kabisa. Nikapiga simu.

"Mdogo wangu, matatu ni ya jirani."

Sikuuliza jirani gani.