Kiungio cha kauri kipimwe kikiwa cha moto

Kuna hoja naisikia sana, kwamba kuunga alumina (kauri ngumu ya oksidi ya alumini) na alumina hakuna kama lehemu ya fedha na shaba yenye titani kidogo ndani, na ukitaka ushahidi vunja sampuli uone. Kweli kabisa, ikiwa baridi mara nyingi kauri yenyewe ndo inapasuka kabla ya kiungio. Titani inaing'ang'ania kauri, fedha na shaba ni laini zinameza mvutano wakati kifaa kinapoa, unaingiza kwenye tanuru la vakyumu, yaani lililotolewa hewa, mara moja imeisha. Kwa kifaa kinachokaa nyuzi 300 hata mimi ningetumia hiyo, wala nisingehangaika na nyingine.

Shida yangu ni nyuzi 780. Hapo ndo fedha na shaba zinayeyuka, wakati alumina mpaka ifike kama 2,050. Sasa umenunua kauri ya kukaa nyuzi 1,000 halafu umeishika na kitu kinachogeuka maji kwenye 780, tena hakisubiri kufika huko ndo kilegee, kabla hata ya hapo kimeshalainika, ukikiachia mzigo kinavutika polepole, na ile namba nzuri ya sampuli baridi haikwambii chochote kuhusu hilo.

Ndo maana naona njia ya tabaka inaonewa. Watafiti wa Berkeley kule Marekani waliifanyia kazi sana: unachukua karatasi ya niobiamu, metali inayohimili joto kali, unaipaka shaba nyembamba pande zote mbili, unaibana katikati ya alumina na kupasha kupita 1,085, shaba inayeyuka. Shaba inajaza mianya, inaisaidia niobiamu kuigusa kauri, kisha utando wake unakatika unabaki matone matone, kwahiyo sehemu kubwa inashikwa na niobiamu, ambayo haiyeyuki mpaka karibu 2,470 na inatanuka karibu sawa na alumina. Yaani joto la kuungia ni la shaba ila anayebeba mzigo ni niobiamu!

Wanaoipinga wanasema niobiamu ikikutana na hewa kwenye joto inaliwa vibaya na oksijeni, na pakibaki mapengo nguvu ya sampuli moja inapishana mbali na ya nyingine. Ni kweli, kwenye hewa wazi siitetei. Lakini kwenye vakyumu, mtu akikuletea namba za lehemu ya fedha muulize alivunja kwenye nyuzi ngapi, na mzigo ulikaa dakika mbili au saa mia.