Mateka Hasafiri na Ng'ombe Wake

Madagaska ilipoitoa Kenya kwa penalti pale Kasarani, Agosti 2025, kisha ikafika fainali ya CHAN, mashindano ya soka ya Afrika, lilirudi tena lile neno linalonikera: "Hawa si Waafrika, hawa ni Waindonesia." Wengine hulisema kwa utani, wengine kwa uchungu wa kufungwa, na wapo wenye shahada zao wanaolisema kwa dhati. Anayejiona mjuzi zaidi huongeza kwamba Wamalagasi weusi ni wajukuu wa watumwa walioletwa baadaye. Hilo la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni uzushi, na inauma kuusikia ukitoka midomoni mwetu, watu wa upande huu wa bahari, tuliopaswa kuwa wa kwanza kuukataa.

Kwenye lugha sina ubishi. Kimalagasi ni lugha ya Kiaustronesia, na ndugu yake wa karibu kabisa ni Kimaanyan, kinachosemwa katika bonde la mto Barito kusini mashariki mwa Borneo. Mnorwe Otto Christian Dahl alilionyesha hilo mwaka 1951, na hoja yake ingali imesimama. Wasemaji wa kwanza wa Kimalagasi walivuka zaidi ya kilomita 7,000 za bahari katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, lugha yao ikiwa imekwisha kubeba maneno ya Kimalay, Kijava na hata Kisanskriti. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba waanzilishi wa kike walikuwa kama 30 tu, wengi wao wa asili ya Indonesia. Ni safari ya kustaajabisha, na anayetaka kuisifu aisifu.

Ila sasa tuingie zizini. Mmalagasi humwita ng'ombe omby, kondoo ondry, kuku akoho, kanga akanga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Majina haya hayako pwani ya magharibi peke yake, inayotazamana na Msumbiji. Yamo nyanda za juu kwa Wamerina, yamo kusini kwa Waantandroy, yamo mashariki kwa Wabetsimisaraka. Neno linaloenea namna hiyo katika lahaja za kisiwa chenye ukubwa unaozidi Ufaransa liliingia mapema, wakati wasemaji bado ni jamii ndogo, kabla lahaja hazijaachana. Na majina hayo yalifuatana na wanyama wenyewe. Kule Borneo mnyama wa shambani alikuwa nyati wa maji, na nyati huyo hakuletwa Madagaska. Ng'ombe wa Madagaska ana nundu ya asili ya Kihindi, lakini damu yake imechanganyika na ile ya ng'ombe wa kale wa Afrika, wasio na nundu. Mchanganyiko huo ni wa kwetu bara.

Hebu fikiria kazi ya kumvusha ng'ombe. Pembamba pa Mlango wa Msumbiji ni kama kilomita 400 za maji matupu, kwa hiyo njia ya busara ni kupitia Visiwa vya Komoro. Unaondoka na kaskazi, kwa sababu kusi litakurudisha ulikotoka. Huchukui madume makubwa yanayoweza kutoboa ubavu wa chombo kwa pembe. Unachukua mitamba na ndama walioachishwa kunyonya, unawafunga miguu, unawalaza juu ya makuti. Na huwalazi ubavu siku nzima, maana ng'ombe akilala ubavu muda mrefu hewa ya tumboni haitoki, tumbo linajaa, anakufa. Lazima aegemezwe akalie kifua, na awepo mtu wa kumgeuza usiku na mchana. Kisha kuna maji. Ng'ombe mzima kwenye joto huweza kunywa lita 30 kwa siku, na hata ndama kumi tu watamaliza mitungi yenu kabla hamjaona nchi kavu. Ngazija haina mito ya kudumu, kwani mawe yake ya volkano hunywa mvua yote. Mwenye mifugo atatafuta vijito vya Nzuani, anyweshe, apumzishe, akate majani, ndipo aendelee.

Na hata ukifika salama na ndama watatu, kundi bado huna. Dume akifa, hadithi imekwisha. Wanahitajika mitamba kadhaa na madume zaidi ya mmoja, safari hiyo irudiwe tena na tena, na wawepo watu wanaojua kuzalisha, kutibu na kuchunga. Hii ni kazi ya watu walioamua kuhamia mahali. Mateka hasafiri na ng'ombe wake. Hachagui mitamba, hangojei kaskazi, wala haachiwi kuupa mji mpya majina ya mifugo. Waliofanya hayo walikuwa wenye mali na wenye shauri lao, nao walikuwa Wabantu.

Vinasaba vinasema vivyo hivyo, na hapa ndipo nadharia ya watumwa inapovunjika kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliopita vijiji 257 kisiwani kote, ulikuta kwamba nasaba za kiume, zile zinazotoka kwa baba kwenda kwa mwana, ni za Kiafrika kwa takriban asilimia 70. Upande wa akina mama, Asia na Afrika zinakaribiana, Asia ikitangulia kidogo. Utumwa huacha alama iliyo kinyume: mabwana huzaa na wanawake waliotekwa, wanaume waliotekwa mara nyingi hufa bila uzao, na baada ya vizazi kadhaa nasaba za kiume zinazobaki ni za mabwana. Madagaska nasaba za kiume zilizoshinda ni za Kiafrika. Kwa maoni yangu picha inayokaa sawa ni ya ndoa: wanaume wa Kiafrika wenye mifugo, wanawake wenye asili ya Borneo, na watoto waliojifunza lugha magotini pa mama. Nakubali, tena shingo upande, kwamba uwiano haulingani kila mahali. Nyanda za juu Asia ina uzito zaidi, pwani Afrika ina uzito zaidi. Lakini kila eneo lina asili zote mbili.

Anayetaka kuuona muungano huo kwa macho aende kwenye majaruba ya mpunga. Mpunga ni wa Asia, hilo halina shaka. Miche huoteshwa kwenye kitalu, huku jaruba likifunguliwa maji na mabonge yakipinduliwa kwa angady, jembe la mti mrefu na bamba jembamba linalosukumwa wima kwa uzito wa mwili. Kisha huingizwa ng'ombe. Kundi zima huzungushwa ndani ya tope, vijana wakilikimbiza kwa makelele, mpaka kwato zisage mabonge, zizike magugu na mabua ya msimu uliopita, na zishindilie tabaka la chini ili maji yasizame ardhini. Ni kuchavanga kwa miguu ya wanyama. Maji yakiwa haba, mabonge hubaki na mizizi ya miche haishiki. Yakizidi, magugu huelea badala ya kuzikwa, na baada ya wiki mbili unapalilia upya. Ng'ombe wakiwa wachache, tabaka la chini halishikani, jaruba linavuja, na mpunga unakauka kabla ya kutoa masuke. Jaruba likiwa tayari, wanawake hupandikiza.

Mbinu yenyewe ilitoka Asia ya Kusini Mashariki, ambako nyati ndiye aliyekanyaga. Kule Madagaska kazi hiyo imefanywa na ng'ombe waliotoka Afrika. Humo utaona pia siasa ya nchi ile kabla ya wakoloni. Asiye na kundi hana njia ya kuandaa jaruba ila aazime kwa ndugu au kwa mkubwa, na deni hilo hulipwa kwa kazi na utii. Wafalme wa Merina walipoanza kukausha kinamasi cha Betsimitatatra karibu na Antananarivo, tangu Andrianjaka mwanzoni mwa karne ya 17 hadi Andrianampoinimerina mwishoni mwa karne ya 18, walijenga kingo na mifereji kwa nguvu za maelfu ya watu. Aliyeshika maji, ardhi na ng'ombe ndiye aliyeshika ufalme.

Wahunzi nao wana ushahidi wao, na huu unaelemea Asia. Bara mhunzi hupuliza tanuri kwa mivukuto ya ngozi. Madagaska husimamishwa magogo mawili yaliyotobolewa ndani, kila moja na pistoni iliyozungushiwa manyoya au matambara, bomba za chini zikielekea motoni. Moja ikishuka nyingine inapanda, na upepo haukatiki. Matambara yakilegea, hewa hupenya juu, moto hupoa, na chuma hutoka kimejaa taka.

Kuna jambo la Komoro ambalo wenye nadharia nyepesi hulikwepa. Mwaka 2016 wanaakiolojia walichapisha matokeo ya punje za kale zilizoungua, kutoka maeneo mengi ya pwani na visiwa. Kwenye pwani yetu mtama na uwele vilitawala. Madagaska na Komoro, pamoja na Sima kule Nzuani, mpunga na choroko ndivyo vilivyotawala tangu karne za 8 hadi 10. Na Wakomoro leo wanasema lugha ya Kibantu iliyo jirani kabisa na Kiswahili. Basi jamii inaweza kula chakula cha Asia na kusema Kibantu, nyingine ikasema Kiaustronesia na kufuga kwa Kibantu. Ngalawa yetu ina matengo mawili, ufundi uliotoka upande huohuo wa mashariki, na hakuna anayetuambia sisi ni Wajava.

Uzushi huu una historia yake. Mfaransa Alfred Grandidier, mtafiti mashuhuri wa kisiwa hicho katika karne ya 19, alishikilia kwamba hata Wamalagasi weusi asili yao ni upande wa Asia na Melanesia, ili mradi Afrika isipewe nafasi kwenye msingi. Jenerali Gallieni, aliyeitawala Madagaska tangu 1896 hadi 1905, aliendesha sera aliyoiita ya mbari, akiwapanga watu kwa makabila na kuwatenga Wamerina na wa pwani. Mgawanyo huo ungali unaumiza siasa za Antananarivo.

Mchanganyiko huo uko hata katika miji ya kale na simulizi za kisiwa. Kaskazini magharibi, Mahilaka ilikuwa mji wenye ukuta na Waislamu kuanzia karne ya 11 hivi, ukifanya biashara na pwani yetu. Kaskazini mashariki, Warasikajy, jamii ya kale ya huko, walichonga vyombo vya jiwe laini vilivyofika Komoro na Kilwa. Simulizi za Merina husema mfalme wao wa kale Andriamanelo aliwashinda Wavazimba, watu wanaosimuliwa kuwa wakazi wa kwanza wa nyanda za juu, kwa mikuki ya chuma, na simulizi hizohizo hukiri kwamba mama yake alikuwa malkia wa Kivazimba.

Watumwa walikuwapo, sikatai. Katika karne ya 19 majahazi yalivusha watu wengi kutoka Msumbiji, wakaitwa Wamakoa kisiwani, na Malkia Ranavalona II alitangaza uhuru wa watu wa Msumbiji waliokuwa utumwani katika ufalme wake mwaka 1877. Maumivu yao yana tarehe zake, na yanastahili kusimuliwa kwa jina lao. Kuyachukua na kuyarudisha nyuma miaka elfu moja, ili wafugaji walioanzisha nchi wageuzwe mizigo ya wengine, ni kuwadhulumu Wamakoa na wafugaji hao pamoja.